Ufa Uko Saa Ngapi? Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Ukaguzi wa Mabomba ya Majitaka

Imetufikia, kwa ajili ya kutolewa maoni, rasimu ya istilahi zinazohusu ukaguzi na tathmini ya hali ya mabomba ya majitaka mijini. Walioiandaa hawakuweka majina yao, nami sina haja ya kuyatafuta, kwani makusudi ya uhakiki huu si kumsuta mtu bali ni kulipima neno. Kazi yenyewe ni nzito, na waliojitwika mzigo huo wanastahili shukrani, hasa kwa kuwa wamechagua uwanja ambao wengi huukwepa. Wapo tele wanaopenda kuunda istilahi za falaki na za kompyuta, lakini ni wachache wenye hamu ya kuinama juu ya chemba inayonuka. Hata hivyo shukrani haziwezi kushika mahali pa ukweli, na ukweli ni kwamba rasimu hii, ikipitishwa kama ilivyo, itawafanya mafundi wachimbe mahali pasipostahili kuchimbwa.

Nasema hivyo kwa kuwa kosa kubwa kuliko yote yaliyomo nimekwisha kulitenda mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuifasiri kwa Kiswahili taarifa ya ukaguzi wa bomba la majitaka la mji mmoja wa pwani. Taarifa ilikuwa imeandikwa na wageni waliopitisha kamera bombani, nayo ilieleza kila kasoro kwa kutaja mambo mawili: umbali wake kutoka chemba ya kuanzia, na mahali pake katika duara la bomba. Mahali hapo katika duara hutajwa kwa mfano wa saa ya ukutani. Mkaguzi anayetazama mbele ndani ya bomba huliona kana kwamba ni uso wa saa, juu kabisa pakiwa ndipo penye kumi na mbili, chini kabisa penye sita, kulia penye tatu na kushoto penye tisa. Ni desturi nzuri na fupi, nayo imeenea katika miongozo mingi ya kazi hiyo. Basi nikakuta mfululizo wa nyufa uliosemwa kuwa uko penye kumi na mbili, nami bila ya kufikiri nikaandika "ufa, saa kumi na mbili."

Baada ya siku chache akanijia msimamizi wa mafundi, mzee aliyezoea kushuka chemba tangu ujana wake, akiwa na karatasi zangu mkononi.

"Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "huu ufa uko tumboni mwa bomba au mgongoni?"

"Mgongoni, mzee wangu. Si umeandikwa saa kumi na mbili?"

Akaitazama saa yake ya mkononi, kisha akanitazama mimi. "Saa kumi na mbili mshale uko chini."

Sikuwa na la kujibu. Katika Kiswahili saa kumi na mbili ni wakati wa jua kuchwa au kucha, na mshale mfupi huwa umeelekea kwenye tarakimu ya sita, chini kabisa. Saa sita ni adhuhuri, na mshale uko juu. Saa tatu mshale uko kushoto, kwenye tarakimu ya tisa, na saa tisa uko kulia, kwenye tarakimu ya tatu. Kwa hiyo mfasiri anayehamisha namba bila ya kuhamisha hesabu haharibu kasoro moja tu. Anaupindua mzingo mzima wa bomba nusu duara, cha juu kikawa chini na cha kulia kikawa kushoto, wala hakuna alama yoyote katika taarifa itakayomwonya msomaji, kwa sababu kila sentensi inasomeka vizuri.

Rasimu tuliyoletewa imefanya kosa lile lile, tena kwa makusudi. Chini ya kidahizo "nafasi ya saa" imetolewa mifano mitatu, na yote mitatu imehamishwa namba kwa namba. Yamkini waandaaji watajitetea kwamba fundi atafahamu tu. Atafahamuje? Fundi anayesoma Kiswahili husoma saa ya Kiswahili, na huo ndio uelewa tunaoutaka.

Naomba msomaji asidhani kuwa hili ni jambo la kuchezea maneno. Majitaka yanapokwenda polepole bombani na kukaa humo kwa muda mrefu, hasa katika miji ya joto kama yetu, bakteria walio kwenye utelezi wa kuta huzalisha gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo hupanda, hukutana na unyevu ulioshika sehemu ya bomba isiyofikiwa na maji, na huko bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa tindikali ya salfa. Tindikali huila saruji. Ndiyo sababu bomba la zege lenye ugonjwa huu hulika juu, katika sehemu iliyo kavu kwa macho, ilhali chini ambako uchafu wenyewe unapita hubaki zima. Likilika chini, mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: mchanga na changarawe zinazoburutwa na maji na kulisugua. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ni kuyaongeza maji kasi, kuipa gesi njia ya kutokea, au kulivisha bomba ngozi mpya kwa ndani. Dawa ya pili ni kuuzuia mchanga usiingie. Mhandisi anayeletewa taarifa inayosema kuwa zege limelika "saa kumi na mbili," akaisoma kama Mswahili, atamtibu mgonjwa wa kichwa kwa dawa ya tumbo.

Na tusisahau kulia na kushoto. Kamera ikiona mahali ambapo bomba la nyumba fulani linaungana na bomba kuu, taarifa itataja upande. Upande ukigeuzwa, kibarua kitaanza ng'ambo ya pili ya barabara, lami itakatwa bure, na mwenye nyumba asiyehusika ataamshwa alfajiri kwa sululu mlangoni pake.

Zipo njia mbili za kuponya jambo hili. Ya kwanza ni kuacha kabisa neno "saa" na kusema "kwenye tarakimu 12," kwani uso wa saa ni mmoja duniani kote na tarakimu zake hazihami. Njia hii inafaa kwa majedwali na fomu. Ya pili, ambayo moyo wangu unaielekea zaidi, ni kuyapa mahali majina ya mwili, kama alivyofanya yule mzee bila ya kuombwa na mtu. Alisema tumbo na mgongo. Mimi ningependa "utosi" kwa sehemu ya juu kabisa ndani ya bomba na "kitako" kwa sehemu ya chini kabisa, kwa kuwa mgongo wa bomba mafundi huuona wanapolifukua kwa nje, na tumbo limekwisha kuwa na kazi nyingine: bomba lililotitia katikati likatuamisha maji husemwa kuwa limefanya tumbo. Kati ya utosi na kitako tuna "bega la kulia" na "bega la kushoto," kisha "ubavu." Rasimu imeweka "kilele cha ndani" na "sakafu geuzi." La kwanza linakumbusha mlima. La pili nimelisoma mara nne na bado sijui ni sakafu iliyogeuka au inayogeuza.

Nije sasa kwenye ufa, maana hapa ndipo penye moyo wa elimu yenyewe. Mwaka 1980 Kituo cha Utafiti wa Maji cha Uingereza kilitoa mwongozo wa kuainisha hali ya mabomba ya majitaka, ambao umekuwa chimbuko la mingine mingi. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuwa Umoja wakati ilipopata kiwango chake cha pamoja cha kuandika kasoro hizo, EN 13508-2, mwaka 2003. Wamarekani nao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walijitungia utaratibu wao kupitia chama chao cha NASSCO, wakijenga juu ya ule wa Waingereza. Katika miongozo hiyo nguzo kubwa ni kutofautisha hatua za kuharibika kwa bomba. Hatua ya kwanza ni mstari unaoonekana ukutani mwa bomba, lakini umefumba. Ya pili mstari umefumbuka, nafasi inaonekana, ila vipande bado viko mahali pake. Ya tatu vipande vimehama. Ya nne bomba halina tena umbo lake, limekwisha.

Rasimu yetu inazo ufa, mpasuko, mwatuko, mwanya na mvunjiko, maneno matano mazuri, lakini imeyatumia kama visawe. Ukurasa mmoja unasema "ufa au mpasuko," ukurasa wa pili "mpasuko au mwatuko." Huu ni ubadhirifu. Lugha iliyojaaliwa maneno matano kwa jambo ambalo mafundi wanahitaji maneno manne haina sababu ya kuyamwaga yote katika chungu kimoja. Wanaodai kuwa Kiswahili hakina uwezo wa kubeba sayansi mara nyingi hutolea ushahidi orodha za namna hii, ilhali kosa si la lugha, ni la mpangaji.

Mapendekezo yangu ni haya. "Ufa" ubaki kuwa ule mstari uliofumba. "Mwatuko" uwe hatua ya pili, kwa sababu kuatuka ndiko kunakofanywa na ardhi wakati wa kiangazi na ubao ulioachwa juani: nafasi inaonekana, lakini pande zote mbili bado zipo zilipokuwa. Sijaona neno linalolingana na maana hiyo kwa usahihi kuliko hili. "Mvunjiko" uwe wa vipande vilivyohama, na "mporomoko" uwe mwisho wa bomba. "Mpasuko" tuuache kwa madaktari na wanasiasa, ambao wanauhitaji zaidi. Ufa ukifuata urefu wa bomba uitwe "ufa wa urefu," ukilizunguka uitwe "ufa wa mzingo," na nyufa nyingi zilizotapakaa ziitwe "nyufa za utandabui," ambalo ni umbo linalojieleza lenyewe.

Tofauti hizi zina uzito. Bomba gumu la udongo wa kuchomwa au la zege linapolemewa na mzigo wa juu hupasuka kwa urefu mahali panne, utosini, kitakoni na katika mbavu mbili, likawa vipande vinne vinavyoshikiliwa na udongo unaolizunguka tu. Ufa wa mzingo kwa kawaida una asili nyingine: bomba limelazwa juu ya tandiko lisilo sawa, likapinda kama boriti. Mwenye kusoma "mpasuko" tu hawezi kujua ni mzigo au ni tandiko. Aidha, ufa ukifikia kuwa mwatuko, maji ya ardhini huanza kuingia yakibeba chembe za udongo. Udongo ukichukuliwa kidogo kidogo, nje ya bomba hubaki pango. Pango likikua, vile vipande vinne havina tena wa kuvishikilia. Ndipo siku moja barabara inapofunguka mchana kweupe na gari la abiria likazamisha magurudumu yake, na watu wakasema ni ghafla.

Hapa nina neno dogo la kando. Mithali yetu mashuhuri ya ufa na ukuta imetuzoesha kuamini kwamba kila ufa hudai kuzibwa leo. Miongozo ya kazi hii haisemi hivyo. Uzoefu wa Uingereza umeonyesha kuwa bomba lenye nyufa zilizofumba, katika udongo uliotulia, laweza kukaa miaka mingi bila ya kuzidi kuharibika, na kwamba mporomoko mara nyingi huletwa na tukio la pembeni: mvua kubwa, uchimbaji wa jirani, au bomba la majisafi lililopasuka karibu. Kwa hiyo baraza la mji lenye fedha chache linahitaji kujua ni ufa upi wa kusubiri na mwatuko upi usiosubiri, na rasimu isiyotofautisha viwili hivyo inalinyang'anya uwezo wa kuchagua.

Jambo la tatu ni kuvuja. Neno hili ni la kila nyumba, na ndiyo hatari yake. Paa likivuja, maji yanaingia ndani. Ndoo ikivuja, maji yanatoka nje. Kiswahili hakijali mwelekeo, na katika maisha ya kawaida hakuna hasara, kwani kila mtu anajua paa ni nini na ndoo ni nini. Bomba la majitaka lakini ni paa na ndoo kwa pamoja. Likilala chini ya maji ya ardhini, maji hupenya ndani na kulijaza bure, mabwawa ya kusafishia yakapokea mzigo usio wao. Likilala juu ya maji ya ardhini, majitaka hutoka na kuingia udongoni. Rasimu imetumia "uvujaji" kwa yote mawili, ikaongeza "wa ndani" na "wa nje" bila ya kusema kama "wa ndani" maana yake ni unaoingia ndani au unaotoka ndani.

Mwaka 1854 kipindupindu kilipolipuka mtaani Soho, London, daktari John Snow alikinyoshea kidole kisima cha pampu cha Broad Street. Mwaka uliofuata, kwa juhudi za kasisi Henry Whitehead, karo la nyumba namba 40 ya mtaa huo lilifukuliwa likakaguliwa. Matofali yake yalikuwa yamelegea, na umbali kati yake na kisima haukufika futi 3. Uchafu ulikuwa ukitoka karoni ukiingia kisimani. Jaribu sasa kuiandika taarifa hiyo kwa neno la rasimu. Ukisema tu kwamba karo na kisima vilikuwa na uvujaji, hujaeleza nani amemtia nani sumu.

Wala hatuna haja ya kwenda London ya zamani. Katika miji ambayo maji ya bomba hutoka kwa mgao, bomba la majisafi likikaa tupu huwa halina msukumo, na uchafu ulioko udongoni hupata njia ya kupenya kwenye viungo vyake. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 umo bado katika kumbukumbu za wengi, na mtu yeyote aliyewahi kuchemsha maji kwa amri ya serikali atafahamu kwa nini naishikilia tofauti hii. Napendekeza kwamba maji yanapoingia bombani tuseme "kupenya" na jina lake "upenyaji," na yanapotoka tuseme "kuvuja" na jina lake "uvujaji," basi. Kila kitenzi kipewe mwelekeo mmoja katika taaluma hii, hata kama mitaani kitabaki na miwili.

Yapo na maji ya tatu, yale ya mvua yanayoingizwa bombani na watu waliounganisha milizamu ya mapaa yao na bomba la majitaka kwa siri. Hugunduliwa kwa kupuliza moshi bombani na kungoja uone unafukia kwa nani. Rasimu imeyaita "maji ya miingilio isiyo halali." Mimi ningeyaita "maji ya kudoea," kwa maana yamekuja karamuni bila ya kualikwa, lakini natambua kuwa kamati zina aibu na vicheko.

Miongozo huupima upenyaji kwa ngazi nne, kutoka unyevu unaotokeza hadi maji yanayotoka kwa nguvu. Waandaaji wa rasimu wameandika "upenyaji wa daraja la chini, la kati, la juu na la juu sana," na hapa nakiri nilihuzunika. Lugha ya watu wa mvua na bahari imejaa vitenzi vya maji. Maji hutona, huchuruzika, hutiririka, hububujika, hufoka. Mkaguzi aliyeketi mbele ya kioo cha kamera ana nukta chache tu za kuamua, na neno "linachuruzika" humjia kabla hajajiuliza daraja ni la kati au la juu. Nilipendekeza katika maoni yangu ya kwanza ngazi hizi: jasho, kutona, kuchuruzika, kufoka. La kwanza limepata upinzani ambao nitaueleza mwishoni.

Makosa mengine nitayapita kwa haraka. "Kutu" limetumika kwa kila namna ya kulika, ilhali kutu ni ya chuma. Zege haliwi na kutu, na bomba la udongo wa kuchomwa haliliwi na ile tindikali hata kidogo. Tuseme "ulikaji." Kiungo ambacho pande zake zimepishana kimeitwa "kiungo kisichofuatana," kana kwamba ni mwanafunzi mtoro; kwa nini kisiitwe "kiungo kilichoteguka," kama kiungo kingine chochote? Na pande zilizoachiana ziitwe "zilizoachana." Bomba la plastiki lililofukiwa vibaya rasimu inasema "limepoteza duara", fundi atasema limebonyea, naye atakuwa amesema zaidi.

Mlango wa kushukia bombani umeitwa "tundu la mtu." Neno hili ni tafsiri ya sisisi ambayo hakuna mtu aliyewahi kulitamka. Watu wa Dar es Salaam, wakiwemo watoto, husema chemba, nalo limekwisha kuingia katika ngeli zetu likazaa machemba kwa wengine na chemba kwa wengine. Neno lililokwisha kukubaliwa na mtaa halina haja ya kusubiri muhuri. Kuhusu "karo" natoa tahadhari tu: kwetu ni tangi la kupokea maji ya vyooni, lakini msomaji wa Kenya akisoma "ukaguzi wa karo" atadhani tunahesabu ada za shule.

Rasimu imefanya vema katika "majitaka," ambalo limeandikwa neno moja na kutumiwa bila ya kuyumba. Ni istilahi iliyofanikiwa, na Nairobi na Mombasa pia imezoeleka. Sina ugomvi na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, wala na mamlaka za miji zilizochukua "usafi wa mazingira" katika majina yao, kwani kazi zao ni pana kuliko mabomba, na wakazi wengi wa miji yetu wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Lakini waandaaji wameteleza pale walipotaka kufuata mtindo huo hadi chini ya ardhi, wakaandika "bomba la usafi wa mazingira." Bomba hilo halijui mazingira. Linabeba majitaka mpaka kwenye mabwawa, kama yale ya Vingunguti, na lingefaa kuitwa kwa linachobeba.

Limebaki suala la kichwa cha rasimu yenyewe, "Ukaguzi." Ndani yake neno hilo limetumika kwa kutazama na kwa kuhukumu pia. Kukagua ni kuona na kuandika ulichoona: umbali, mahali, aina ya kasoro. Hata taa na kioo, njia ya zamani ya kuweka taa katika chemba moja na kioo katika ya pili ili kuona kama duara la nuru limetimia, ni ukaguzi kamili. Tathmini ni kazi nyingine, nayo hufanywa mezani. Neno lenyewe lina asili moja na "thamani," na hilo linatufaa sana, kwani mwatuko ule ule ulio chini ya uwanja wa mpira na ulio chini ya wodi ya wazazi una sura moja katika kamera lakini hauna thamani moja. Waingereza walilitambua hilo mapema walipoyatenga mabomba ambayo mporomoko wake ungegharimu kupita kiasi, wakayakagua kwanza.

Matokeo ya tathmini hupangwa kuanzia 1, bomba lisilo na tatizo, mpaka 5, bomba lililoporomoka au lililo karibu kuporomoka. Hapa rasimu imesitasita kati ya "daraja" na "kiwango." Lichaguliwe "daraja," tena bila ya kuchelewa. Sote tumesoma shule, na tunajua kuwa daraja la kwanza ndilo la kujivunia na la mwisho ndilo la kufichwa. "Kiwango" kinapanda kwa sifa: ukimwambia diwani kuwa bomba la mtaa wake liko katika kiwango cha juu kabisa, atakushukuru na kuhamishia fedha kwingine.

Niliahidi kurudi kwenye "jasho." Kabla ya kuyaleta maoni haya nilimtafuta yule mzee, ambaye sasa amestaafu, nikamsomea orodha yangu barazani kwake. Mwatuko aliupokea kwa kutikisa kichwa. Utosi aliucheka, kisha akaukubali. Jasho alilikataa katakata. Akaniambia kuwa bomba la maji baridi hutoka jasho lisilo na ufa wowote, ni hewa tu imeligusa, na mkaguzi akiandika jasho watu wataacha kutafuta maji yanapotokea. Nikamwuliza basi tuseme nini. Akafikiri kwa muda mrefu. Akasema wao walikuwa wakisema tu kwamba ukuta "umelowa," kisha wakausubiri mpaka kesho yake waone kama utatona. Nimelifuta jasho katika mapendekezo yangu na kuandika "kulowa," ingawa sijaridhika nalo, kwa kuwa ukuta wa bomba la majitaka una sababu nyingi za kulowa. Mwenye neno bora zaidi na alilete kabla kamati haijakaa.